Mizizi Niliyochimba Nyasubi

Sehemu ya tano

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilikuta limeshafungiwa maandazi, usijilaumu, nitakusogeza. Mimi ni Lukresia, Mama Noela, wa hapa Masumbwe. Mgongo wangu uliharibika kwa kuinama miaka sita mwaloni, tunakooshea mchanga wa dhahabu. Daktari akaniandikia vidonge vya kulegeza misuli, vya siku kumi. Akarudia: kumi tu. Mimi nikasikia kumi, nikaelewa maisha.

Mwaka na nusu nikavinywa kwa siri. Mume wangu hajui, kwaya haijui, padri ndiyo kabisa. Kisha duka ninakonunulia likafungwa na wakaguzi, nikakaa siku tatu bila kidonge. Siku ya tatu, msibani kwa baba mdogo wa mume wangu, mwiko wa ugali mkononi, nikaona sufuria linakuja juu na mbingu zinakwenda chini. Hapo ndipo nilipowaacha.

Sasa nichekeni kidogo. Nichekeni mapema, maana mbele huko hamtapata nafasi.

Nilipofumbua macho nilikuwa juu ya mkeka, ulimi umevimba, ugali umeniganda kwenye nyusi. Juu yangu kulikuwa na nyuso za wanawake kama ishirini, zote kimya. Wanawake ishirini wa nzengo yetu, majirani watupu, kunyamaza kwa pamoja si jambo dogo. Nikajua safari yangu imekwisha.

"Nimekufa?" nikauliza.

"Hujafa, mwanangu," sauti ikajibu. "Umeitwa."

Nikashtuka. Si kwa hilo la kuitwa. Ni kwa hilo la mwanangu.

Aliyesema alikuwa Nyamizi, mama mkwe wangu. Miaka kumi na moja ya ndoa yangu alikuwa ananiita "huyu". Huyu ameunguza mboga. Mwambieni huyu kwamba mbuzi wameingia kwenye mihogo. Jina langu alilijua vizuri, alikuwa analitunza tu lisichakae. Leo kichwa changu kiko mapajani pake na ananifuta mate kwa pindo la khanga yake.

"Ulitikisika kama ungo," mama mmoja akasema. "Ukatoa povu. Ukaongea kwa sauti ya kiume."

"Nilisemaje?"

"Ulisema mmmmh."

"Lakini kwa sauti ya kiume," mwingine akakazia.

Kwetu mtu akitikisika hivyo, wazee hawatafuti mbali. Masamva, yaani wazee wetu waliotangulia, wakimtaka mtu awe mfumu, mganga wa ukoo, humtikisa kwanza. Na bibi yangu mzaa baba alikuwa mfumu. Kwa hiyo kesi ilikuwa imeshasikilizwa na kuhukumiwa kabla mshtakiwa hajaamka.

Alois, mume wangu, akaja mbio kutoka walikokuwa wanachimba kaburi. Udongo hadi magotini.

"Tumpeleke kituo cha afya," akasema. "Inawezekana ni malaria imepanda kichwani."

"Umchome sindano mtu aliyeitwa?" Nyamizi akafoka. "Kaka yangu Ngusa walimchoma. Hakufika jioni."

Alois akachuchumaa. Mume wangu ni fundi timba. Kazi yake ni kushuka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, na kusimika magogo ili ardhi isiwaangukie wachimbaji. Ni mtu wa kusikiliza kuliko kusema. Huko chini hugonga kila gogo na kuliwekea sikio, kwa sababu, anasema, gogo zuri likitaka kuvunjika hulia kwanza.

"Mama Noela," akaniambia taratibu. "Mama anasema hivi, mimi nasema vile. Wewe mwenyewe je? Kuna kitu unakijua?"

Wapendwa, mlango ulikuwa wazi namna hiyo, hadi upepo unapita. Nilichotakiwa ni kusema neno moja: vidonge.

Nikawatazama wale wanawake ishirini. Kumi na moja kati yao naimba nao sauti ya pili. Nikamtazama Nyamizi, mkono wake bado uko kwenye paji langu, wa moto, mzito, mkono ambao nilikuwa nimeusubiri miaka kumi na moja.

"Namsikia bibi," nikasema. "Ananiita kwa mbali."

Vigelegele vikapigwa. Msibani! Marehemu alikuwa bado yuko ndani, anasubiri zamu yake.

*

Siku mbili baadaye akaletwa mzee Jilala, mfumu wa siku nyingi kutoka upande wa Ushirombo. Mimi nilikuwa bado natetemeka, jasho linanitoka, usingizi sijauona. Kila mtu anayepita ananionyesha mwenzake: umeona, bado wanamshika.

Mzee Jilala akampasua kuku, akamkagua ndani kwa muda mrefu. Akamgeuza. Akasafisha miwani yake. Akamgeuza tena.

"Vipi, babu?" Nyamizi akashindwa kuvumilia.

"Kuku huyu hasemi kitu."

"Hasemi kitu?"

"Hasemi kitu. Ninaona maini, ninaona bandama. Ni kuku."

Nikahisi moyo unanishuka, na wakati huohuo, sitaficha, nikahisi nafuu. Nimekamatwa. Yameisha.

"Basi ndiyo yenyewe hiyo!" Nyamizi akapiga makofi. "Wakubwa hawasemi mbele ya watu. Wanataka kusema na mtu wao!"

Ukoo ukaitikia. Mzee Jilala akaniangalia juu ya miwani, macho yake madogo yakakaa kwenye vidole vyangu vinavyocheza.

"Mjukuu wangu, umekuwa unakula nini?"

"Chakula cha kawaida, babu."

"Haya," akasema. Akaosha mikono. Hakutaka hata kubeba paja la yule kuku.

Nikaomba nipumzike ndani kidogo. Siku hiyo ndipo nilipokumbuka joho langu la kwaya. Pasaka iliyopita nilifumua pindo lake nikashona ndani vidonge vinne, nisije nikaumbuka katikati ya "Aleluya". Nilisahau kuvitoa. Nikafumua kwa meno. Nikameza viwili bila maji.

Baada ya saa nzima nikatoka nje. Mikono imetulia kama maji ya mtungi. Shingo imelegea, uso umelegea, natabasamu.

"Wametulia!" Nyamizi akapaza sauti. "Masamva wametulia, wameridhika!"

Mbuzi akachinjwa. Nikavishwa shanga nyeupe shingoni na kipande cha ngozi ya mbuzi huyo mkono wa kulia. Nikapewa kibuyu cha dawa, na amri ikatoka kwamba kibuyu hicho hakiguswi na mtu yeyote isipokuwa mimi na mtunza kibuyu.

Mtunza kibuyu ni nani? Nyamizi. Alijiteua mwenyewe, akajishukuru mwenyewe.

Mkristo mwenzangu, usianze kunionyesha rozari. Jumapili nilikwenda kanisani kama kawaida, shanga nimezifunika na kitambaa. Kitubio ndicho nilichokikwepa. Nilipoona padri anaelekea kwenye kiti cha maungamo, mimi nilielekea chooni. Padri nilimkwepa. Nyinyi siwakwepi, ndiyo maana mnasoma haya.

*

Mfumu lazima awe na dawa. Mimi nilikuwa na unga wa mlonge, ambao kila mtu anao nyuma ya nyumba yake.

Mgonjwa wangu wa kwanza akawa mtunza kibuyu.

"Mwanangu," Nyamizi akaniambia asubuhi moja, tunachambua choroko. "Mgongo wangu huu. Tangu nimzae Alois haujanyooka. Waulize wenyewe kama wana neno."

Nilimwonea huruma. Niamini hapo hata kama hutaniamini kwingine. Ule mgongo niliujua. Nilijua unavyokukaba asubuhi ukiwa unatafuta kandambili kwa miguu kwa sababu huwezi kuinama. Nikaingia ndani, nikasaga kidonge kimoja, nikakichanganya na mlonge, nikamkorogea kwenye uji.

Alilala hadi jua likafika katikati ya uwanja. Aliamka, akasimama, akainama, akaokota punje moja ya choroko. Akaidondosha. Akaiokota tena. Akaanza kulia.

"Nimeinama," akasema. "Umeona? Nimeinama."

Nani angemwambia mama yule kwamba ni dawa ya duka? Wewe ungemwambia? Hongera.

Habari zikaenda. Akaja mzee Mayala, fundi viatu, na shingo yake iliyokaza. Nikampa. Kesho yake akasinzia kazini na sindano ya viatu ikamwingia kwenye kidole gumba. Hapo nikaogopa. Kuanzia siku hiyo wagonjwa wote wakapata mlonge mtupu, na la ajabu ni kwamba nusu yao walipona. Lakini Nyamizi niliendelea naye, kila siku kimoja.

Sasa uliza: vidonge navipata wapi? Duka lilikuwa limefunguliwa tena. Kila Jumanne naaga nyumbani kwamba nakwenda kuchimba mizizi. Nabeba jembe dogo na mfuko. Jembe naliacha kwa rafiki yangu karibu na stendi, napanda gari hadi Kahama, natembea hadi Nyasubi, kwenye duka la dawa la kijana anaitwa Denis.

"Karibu, dada wa mgongo," Denis hunipokea. "Cheti cha daktari?"

"Nimekisahau."

"Umekisahau mwaka wa pili huu."

"Nina kichwa kibovu."

"Ndiyo maana nakwambia upunguze, dada yangu. Hizi zinakula kichwa." Huku anasema, huku mkono wake umeshafungua droo. "Na leo unataka karatasi ngapi?"

"Nne."

"Wiki iliyopita tatu."

"Ng'ombe wawili wameungana nami, nao wana mgongo."

Akacheka. Mimi pia. Tulikuwa watu wawili wachangamfu sana, mimi na Denis.

Karatasi za vidonge nikazificha mahali pekee ambapo hakuna mwanadamu angethubutu kutia mkono: ndani ya kibuyu cha masamva.

Lakini hesabu ikaanza kunipiga chenga. Naweka kumi, nakunywa vitatu, nampa Nyamizi kimoja, vinabaki vinne badala ya sita. Nikamlaumu Denis. Nikawalaumu panya. Siku moja nikakaa nalaumu kichwa changu, maana hakuna mtu anayejua kujidanganya kama mlaji wa vidonge: nikajiambia huenda nilimeza usingizini.

Na Nyamizi alikuwa anabadilika. Maneno yake yakaanza kuburuta miguu. Alisinzia na ungo wa choroko mapajani. Alijikwaa pale ambapo hapana jiwe. Nikaziona dalili zote na kila moja niliifahamu kwa jina, kama unavyomjua mtoto wa jirani kwa mwendo.

Nikajaribu kumwachisha. Nikampa mlonge mtupu siku mbili, ghafla, bila kumwambia. Hakulala. Jasho likamloanisha, mikono ikamcheza, akamtukana Alois matusi ambayo sikujua kama Kisukuma kinayo. Siku ya tatu akanishika mkono.

"Dawa ya juzi," akasema, "haikuwa na wenyewe ndani yake."

Nikamrudishia kidonge. Kwa uoga nikakiongezea nusu.

Jioni ile alikaa karibu yangu jikoni, ametulia, anachezea ile ngozi ya mbuzi mkononi mwangu.

"Mwanangu Lukresia."

Mara ya kwanza kunitaja jina. Nikaacha kukoroga.

"Abee, mama."

"Siku masamva wakikuacha, utaniacha na mimi? Nitarudi kukaa peke yangu kwenye kile chumba, nasikia nyinyi mnacheka huku?"

"Hawataniacha, mama."

"Hawatakuacha," akakubali haraka. "Mimi siwezi kuruhusu."

Wakati ule nilidhani ni maneno ya mapenzi tu.

*

Tukafika Jumapili ya komunyo ya kwanza ya binti yangu Noela. Gauni jeupe, soksi nyeupe, uso umepakwa mafuta hadi unaakisi. Asubuhi ile nikatia mkono kwenye kibuyu nipate changu cha kuanzia siku.

Hakuna.

Jana yake jioni niliacha karatasi yenye vidonge saba. Saba, nilihesabu mara mbili, maana nilikuwa nimepanga vinifikishe Jumanne. Sasa hapakuwa na kidonge wala karatasi yenyewe. Panya hula vidonge, lakini panya hawabebi karatasi kwenda nayo.

Sikuwa na muda wa kufikiri, kengele ilikuwa inalia. Misa nzima nikaimba huku nimekaza meno.

Baada ya misa, sherehe nyumbani. Wali, kuku, na wanzuki, ile pombe ya asali, ndoo mbili. Nyamizi alikaa juu ya mkeka chini ya turubai, amejifunga khanga mpya, anapokea pongezi kama yeye ndiye aliyekomunika. Alikunywa kikombe. Akaongeza.

"Mama, taratibu," nikamwambia.

"Leo ni siku yangu na mjukuu wangu," akajibu, ulimi mzito. "Na mgongo hauniumi hata kidogo. Hata kidogo!"

Mchana ukawa mkali. Watu wakacheza. Nyamizi akainamisha kichwa kifuani, kina mama wakacheka: furaha imemchosha bibi.

Noela akampelekea kipande cha keki. Akarudi nacho.

"Mama, bibi hali keki."

"Amelala, mwache."

"Anakoroma halafu ananyamaza. Halafu anakoroma. Midomo yake ina rangi ya wino."

Nilitupa sinia. Nikamtikisa, shingo ikaanguka upande kama ya mtoto mchanga. Alois akamnyanyua mama yake mikononi, wala hakungoja kuvaa viatu. Tukaingia kwenye bajaji, tukaenda kituo cha afya.

*

Daktari wa zamu aliitwa Evelina, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu. Akamlaza Nyamizi kwa ubavu, akamfungua mdomo, akamulika macho yake na tochi. Nesi akamwekea mpira wa hewa puani.

"Amekunywa nini?"

"Wanzuki," Alois akasema. "Vikombe kama vitatu."

"Wanzuki vikombe vitatu haviwezi kumfanya hivi. Kuna dawa yoyote anatumia?"

"Dawa ya kienyeji tu. Mizizi. Mke wangu ni..." Akanyoosha mkono kwenye shanga zangu, kwa heshima. Kwa heshima! "Mke wangu ndiye anayemtibu."

Daktari akanigeukia.

"Mizizi gani?"

Alois alikuwa ananitazama. Sikuweza. Nikamwambia, "Baba Noela, tafadhali, kachukue khanga yake nyingine kwenye bajaji." Akatoka. Nikamsogelea daktari, nikamnong'oneza.

"Si mizizi. Ni vidonge vya kulegeza misuli. Nampa kimoja kila siku, na nusu wakati mwingine. Miezi mitatu sasa."

Hakunifokea. Angenifokea ningeshukuru.

"Vinalegeza misuli," akasema, anaandika, "na havichagui misuli. Hata ile ya kupumulia. Ukitia pombe juu yake, mtu anasahau kuvuta pumzi. Leo amekunywa kimoja?"

"Sijampa hata kimoja. Viliisha."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Akakunja uso, akamtazama mgonjwa, kisha akanitazama mimi. "Basi hesabu haijakaa sawa, mama. Mtu huyu ana zaidi ya kimoja."

Alois akarudi, khanga ya pili begani. Nesi alikuwa anamfungua Nyamizi ile mpya aliyovaa ili apumue vizuri. Kwenye pindo kulikuwa na fundo, lile ambalo mama zetu hufungia ugoro na funguo. Nesi akampa Alois, maana vitu vya mgonjwa hupewa mwanawe.

Alois akalifungua fundo.

Karatasi ya vidonge ikamwangukia mkononi. Vishimo kumi, vyote vimetobolewa. Chini yake karatasi nyingine, imekunjwa mara nne. Na nyingine. Na nyingine, za zamani, zimekwanguka herufi kwa kukaa karibu na mwili.



Yule mama alijua. Si leo, si jana. Alijua tangu lini? Aliingiza mkono kwenye kibuyu kitakatifu kumtafuta nani, akanikuta mimi? Alijua hakuna bibi anayeniita, hakuna masamva, kuna Denis wa Nyasubi. Akanyamaza. Kila siku akanywa uji wangu na kunipigia vigelegele mbele ya watu, ili nisiache kumwita mama.

"Hii ni nini?" Alois akauliza, sauti ya chini.

Daktari akaichukua ile karatasi ya juu. "Hii ndiyo ya leo. Ilikuwa na vidonge vingapi ndani?" Akapaza sauti. "Nani anajua ilikuwa na vingapi? Lazima nijue kabla gari halijaja kumpeleka Kahama. Dawa hii haina dawa ya kuizima, tunachoweza ni kumpumulisha. Kama ni viwili nina muda. Kama ni vingi sina. Nani anajua?"

Alois akatikisa kichwa. "Hakuna anayejua. Mama amelala, hawezi kusema."

Duniani alikuwepo mtu mmoja tu aliyevihesabu mara mbili.

Nikamtazama mume wangu. Nikamtazama mama yake, kifua kinapanda, kinakaa, kinakaa, kinashuka.

"Saba," nikasema.

"Nini?"

"Vilikuwa saba, jana jioni. Ni vyangu. Mimi ndiye ninayevinunua. Nilivificha kwenye kibuyu."

Daktari hakusubiri. "Nesi! Piga tena simu ya gari! Lete ambu, ule mfuko wa hewa, tunampumulisha kwa mkono!"

Katika kelele ile Nyamizi akafumbua jicho moja, nusu. Likatembea taratibu hadi likanipata.

"Lukresia," akasema, au pumzi tu ilisema. "Sikumwambia mtu."

Jicho likafumba.

Alois alisikia. Aliniinulia mkono wangu wa kulia kama anavyoinua gogo analotaka kulipima. Akatoa kisu chake kidogo cha kazi mfukoni. Sikuogopa, siku ile ningemwachia hata shingo. Akaingiza ncha chini ya ile ngozi ya mbuzi, akaikata. Ikaanguka sakafuni bila sauti.

"Magogo yote niliyosimika," akasema, "hata lile baya kabisa, lililia kabla ya kuvunjika. Mama Noela, wewe mbona hukulia?"



Nje gari likapiga honi. Wakamtoa Nyamizi kwa machela, nesi anabana ule mfuko wa hewa, moja, mbili, moja, mbili. Alois akapanda nyuma. Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari juu ya ngazi ya gari daktari aliponishika bega, akanigeuza kwenye mwanga, akanitazama jasho usoni.

"Na wewe, mama. Umesema vidonge ni vyako na vimeisha. Wewe mwenyewe ulimeza cha mwisho lini?"

"Jana jioni."

"Na huwa unakunywa vingapi kwa siku?"

Nikafungua mdomo nijibu. Ulimi ukakataa. Nikautazama mkono wangu wa kulia, mweupe kidogo pale ilipokuwa ngozi ya mbuzi.

Ulikuwa umeshaanza kutikisika, na mara hii hapakuwa na mtu wa kusema nimeitwa.